Vyuo vitatu, namba moja ya siri



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mkumbara. Jioni moja mdogo wangu wa kike akanifuata, simu mkononi, uso haueleweki. Alikuwa amechaguliwa kusomea udaktari vyuo vitatu: Muhimbili, KCMC na Bugando. TCU ilitaka athibitishe kimoja tu kwa namba ya siri, na zilibaki siku mbili.

"Frateri, nisaidie."

Mimi na digrii yangu ya falsafa nikaanza kumtenganishia lengo na njia. Akanikatiza: "Kaka, nimeuliza chuo."

Haki yake. Kila mtu alishamchagulia. Mjomba: Muhimbili, ndiko madaktari walikoanza kufundishwa tangu 1963. Mama: Bugando, kwa sababu ni cha maaskofu. Yeye alishaegemea KCMC, eti ni karibu. Kweli, ukisimama barabarani hapa kwetu, milima ya Usambara mbele yako, mabasi ya kushoto yanakwenda Moshi.

Hoja ya Mama niliiheshimu, ila haikunitosha. Hata KCMC ni ya shirika lenye jina la Msamaria Mwema, na yule Msamaria hakuwa wa dini "sahihi" machoni pa waliomsikiliza Yesu. Aliyeanguka njiani alihitaji mtu anayejua kufunga jeraha (Lk 10:34).

Basi nikakumbuka zoezi moja la Mt. Ignasi wa Loyola. Mfikirie mtu usiyemjua kabisa, unayemtakia mema tu, amekuja na uamuzi huohuo ulio nao wewe. Utamshauri nini? Nikamwambia: binti wa Mombo, humjui, ana vyuo vilevile vitatu.

Akanyamaza sana. "Ningemuuliza ada nani analipa." Sawa, swali la mtu mzima. Halafu, taratibu: "Ningemuuliza anaogopa nini."

"Anaogopa nini?"

"Kuwa wa mwisho darasani."

Kumbe! Umbali ulikuwa kisingizio. Toka darasa la kwanza amezoea namba moja, na Muhimbili aliwaza atakutana na wenzake wote waliokuwa namba moja. Wewe unayesubiri majibu ya udahili, hapo ndipo pa kukaa na Bwana, kabla hujalinganisha ada na majengo. Hofu ina ujanja wa kuvaa nguo za busara. Najua, kwa sababu nami niliahirisha seminari mwaka mzima nikisema "natafakari".

Sikumwambia achague kipi. Tulisali Rozari, tukalala.

Asubuhi akathibitisha Muhimbili. Mama akanuna mpaka jioni. Usiku, tukiwa tunakula, akaniuliza kama kutoka Muhimbili mtu anaweza kwenda kwa miguu kusali Kanisa Kuu la Mt. Yosefu. Nikamwambia anaweza, akiamka mapema.