Macho Hayana Pazia: Maadili ya Kutazama Taabu ya Mshona Nguo

Utangulizi

Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa kawaida msemo huu hutolewa kumtetea mtu: aliyetazama hana lawama, kwani jicho haliombi ruhusa. Makala haya yanakusudia kuuhoji utetezi huo. Swali linaloulizwa ni hili: taabu ya mfanyakazi inaponaswa na kamera na kuonyeshwa hadharani, je, mtazamaji huondoka bila deni lolote? Filamu zinazohusika hapa ni zile za hali halisi, zenye mwelekeo wa kisiasa, ambazo huchunguza kazi katika viwanda vya nguo na kuonyeshwa umma bila malipo, nje ya majumba ya sinema.

Ili hoja isielee hewani, ichukuliwe kwamba filamu ya namna hiyo inaonyeshwa usiku mmoja huko Musanda, Mumias Magharibi, katika Kaunti ya Kakamega. Shuka jeupe limetundikwa kwenye ukuta wa darasa na jenereta inanguruma nyuma ya jengo. Wengi walioketi nyasini ni watu wa miwa, na fulana walizovaa zimetoka katika marundo ya mitumba sokoni. Onyesho hili ni la kubuni, lakini mazingira yake yanafahamika vyema.

Mhusika asiyekuwapo

Katika fasihi simulizi, hadhira haikai kimya. Fanani akisema "Paukwa" hujibiwa "Pakawa", na akikosea husahihishwa papo hapo. Filamu imeuvunja mkataba huo. Onyesho la kijamii huurudisha nusu yake: watu huketi pamoja, hunong'ona, hucheka, na taa ikiwashwa hujadiliana. Nusu ya pili hairudi, kwa kuwa anayejadiliwa hayupo.

Kutokuwapo huku kuna historia yake katika Afrika Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu za kufunza kilimo, afya na uwekaji akiba, na kuzizungusha kwa lori katika nchi kadhaa, Kenya ikiwemo. Mwafrika alionyeshwa kwa Mwafrika mwenzake, lakini somo lilikuwa limekwisha kuamuliwa na mtu wa tatu. Filamu za kuwatetea wavujajasho zina nia iliyo kinyume kabisa na ile. Hata hivyo, nia njema peke yake haibadilishi umbo. Mwenye projekta akifika Musanda na jibu lake mfukoni, hadhira imeitwa kuitikia tu.

Mfano wa pili unaonyesha njia nyingine. Mwaka 1977, huko Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi, baadhi yao wakiwa wa kiwanda cha viatu kilichokuwa jirani, walishiriki kuutengeneza mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yalifanywa hadharani, na waliokuwa wakionyeshwa waliyasahihisha maneno ya mchezo. Serikali iliondoa kibali mwezi Novemba mwaka huohuo. Uzito wa Kamiriithu haukuwa katika dhamira ya unyonyaji peke yake, kwani dhamira hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa na wengi. Ulikuwa katika ukweli kwamba mwenye taabu ndiye aliyekuwa na kauli juu ya namna taabu yake itakavyosemwa.

Hapa ndipo filamu ya hali halisi inapotengana na tamthilia. Katika Kilio cha Haki (1981) cha Alamin Mazrui, Lanina anawaongoza wafanyakazi wenzake wa shambani kudai haki. Mwandishi wake aliwekwa kizuizini mwaka 1982, lakini Lanina mwenyewe hawezi kufutwa kazi kwa sababu ya tamthilia. Mshona nguo aweza kufutwa kwa sababu ya filamu. Uso wake ni uso wake, na msimamizi wake anaujua. Anayemtazama anafaidi ujuzi ambao mwingine ameuhatarishia riziki, na faida ya namna hiyo ni mkopo.

Huruma na hesabu

Mkopo huu hulipwaje? Jibu jepesi ni huruma. Lakini huruma hukauka pamoja na chozi, tena humweka anayehurumiwa chini ya anayehurumia. Hadhira ya Musanda ina njia bora zaidi ya kuielewa filamu. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu huku wakulima wakidai malipo ya miwa waliyokwisha kuitoa. Mtu aliyepitia hayo haitaji kufundishwa kulia. Anajua kuuliza nani anashika mizani, nani anapanga bei, na nani hulipwa mwisho.

Maswali hayohayo yanakifaa kiwanda cha nguo. Kenya ilitunga sheria ya maeneo maalumu ya uzalishaji wa bidhaa za kuuza nje mwaka 1990. Sheria ya Marekani ya AGOA ya mwaka 2000 ilipofungua soko, viwanda vya nguo viliongezeka Athi River na kwingineko. Mapema mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi wake waligoma, wakilalamikia ujira na hali ya kazi. Kwa hiyo mshona nguo si mtu wa Asia pekee. Aweza kuwa binti aliyeondoka kijijini kutafuta kazi, na baadhi ya walioketi nyasini huenda wakamfuata kesho.

Hata hivyo, mfanano usiimeze tofauti. Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza, Savar, nchini Bangladesh. Siku iliyofuata washonaji waliamriwa kuingia kazini. Jengo likaporomoka na watu zaidi ya 1,100 wakafa. Mkulima akiona hatari shambani aweza kurudi nyumbani, na ardhi yake itamngoja. Wale waliuona ufa kwa macho yao wakaingia, kwa kuwa hawakuwa na cha kuuza isipokuwa siku yao ya kazi. Mkulima akisema "hata sisi ni vivyo hivyo," amesema kweli, lakini ameisema nusu yake.

Huenda ikapingwa kwamba maskini wa Musanda hana deni kwa maskini wa Savar: hakupanga bei ya fulana, na aliinunua ikiwa imekwisha kuvaliwa na mwingine. Pingamizi hili lina nguvu, na ni haki kumwondolea mkulima hatia. Lakini hatia na wajibu ni mambo mawili. Anayeshuhudia ajali barabarani hakuisababisha, ila akiitwa kueleza alichokiona hawezi kudai kwamba macho hayana pazia. Karibu na mwisho wa Machines (2016), filamu ya Rahul Jain kuhusu kiwanda cha vitambaa huko Gujarat, India, wafanyakazi wanamzunguka mtengenezaji na kumhoji: amekuja kutazama tu, au atafanya jambo? Swali hilo halimwishii yeye. Linapita kwenye shuka na kuifikia nyasi.

Hitimisho

Imeonekana kwamba kutazama taabu ya mtu aliyejihatarisha ili itazamwe ni kukopa, na dawa ya deni ni kulipa. Malipo ya hadhira ya kijijini hayawezi kuwa fedha. Ni ushuhuda wa kweli: kuyasema yaliyoonekana bila kuyapunguza wala kuyafanya yake, na kumwambia binti anayefunga mzigo wake jinsi mkataba unavyosomwa kabla ya kutiwa sahihi. Wenye filamu nao wana sehemu yao, nayo ni kuyarudisha maneno ya Musanda kwa waliopigwa picha, ili nusu iliyopotea ya mkataba wa fanani na hadhira ipatikane.

Onyesho la namna hii lina kipimo kimoja kisichohitaji mhakiki. Taa inapowashwa na watu wanapoanza kusema, kila msemaji ajiulize kama angeyatamka maneno yaleyale iwapo mshona nguo mwenyewe angekuwa ameketi kando yake. Asipoweza, basi alichokuwa akikitazama ni tamasha tu.