Kisima Bila Ndoo

Kila baada ya magharibi nafundisha tajwidi kwa video kutoka Mombasa, na mistari myeusi ilikuwa ikinipanda usoni kama mawimbi. Taa ya tyubu inafuata umeme wetu wa hezi 50. Kamera ilikuwa imewekwa 60. Kwenye Linux dawa ni bure: terminali, v4l2-ctl, power_line_frequency=1. Mimi nilielekezwa. Shangazi, mwalimu wa wasichana, mwenye mistari hiyohiyo, hakuelekezwa; kaamua kuzima kamera.

Mwenye kutoa programu bure namhesabu kama mchimba kisima: sadaka yenye kuendelea. Ila kisima kirefu kikikosa ndoo, mwenye kiu anachungulia tu. Je, thawabu huanza maji yanapotokea, au yanapofika mdomoni? Mimi nasema, na wajuzi wanisahihishe, aliyechora vitufe vya guvcview, programu ya kurekebisha kamera bila terminali, naye kachimba. Shangazi anataka kimoja tu, kiandikwe: “Taa inacheza.”