Bakuli la Mgeni

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeizoea hata hatuiulizi, mwenyeji apone nini? Nami sikuiuliza mpaka nilipokwenda Kilakala, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kumtembelea dada yangu aliyeolewa huko.

Asubuhi ya kwanza, ukungu ungali umeifunika milima, dada alifungua kabati akatoa mabakuli mapya yenye maua, ya ile plastiki ngumu iitwayo melamini. Yale ya bati, yaliyobanduka rangi, ni ya siku za kawaida. Haya ni ya wageni. Akamimina uji wa ndimu uliotoka jikoni sasa hivi, akaniwekea bakuli langu na jingine la mjukuu wake wa miaka minne, aliyepewa heshima ya kula na babu.

Nilijua jambo ambalo dada hakulijua. Melamini ya vyombo huundwa kwa kuunganisha kemikali mbili, melamini yenyewe na fomaldehidi. Moto, na uchachu wa ndimu, siki au ukwaju, huzilegeza, na kiasi chake huhamia katika chakula. Mwaka 2013 watafiti wa Taiwan walichapisha jaribio dogo: watu 12 walikunywa supu ya tambi ya moto, mara katika mabakuli ya melamini, mara katika ya kauri. Mkojo wao wa saa 12 ulipopimwa, baada ya bakuli la melamini ulikuwa na wastani wa mikrogramu 8.35 za kemikali hiyo. Baada ya kauri, 1.31. Ni kiasi kidogo mno, wala jaribio halikuonyesha kwamba mtu aliugua. Tusitie chumvi. Ila lilithibitisha hili: chombo nacho huliwa.

Je, atoaye asichokijua ana hatia? La, nia ya dada yangu ilikuwa safi. Basi hatia ni ya nani? Mwaka 2008, nchini China, melamini ilitiwa makusudi katika maziwa ili yaonekane yana protini nyingi. Watoto wachanga sita walikufa, na wengine takriban 300,000 waliugua. Pale mkono uliotenda ulionekana. Katika bakuli hauonekani. Mtengenezaji husema kiasi ni kidogo. Muuzaji husema wateja wanayataka. Mnunuzi husema ni rahisi, tena halivunjiki. Kila mmoja amesema kweli, na mtoto amekwisha kunywa.

Mimi naona wajibu hufuata ujuzi: ajuaye zaidi ndiye adaiwaye zaidi. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku bisfenoli A katika chupa za plastiki za watoto, mwaka 2011, haukumngoja kila mama asome kemia. Nasi tuna uwezo huo: Zanzibar ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Bara ikafuata mwaka 2019. Kumtupia lawama mama ntilie, anayenunua kile kinachouzwa sokoni, ni kumwonea mnyonge.

Lakini kanuni yangu ilinigeukia. Katika nyumba ile, ajuaye nilikuwa mimi. Nikinena, namwaibisha dada mbele ya kabati lake. Nikinyamaza, adabu yangu inalipiwa na mtoto. Nikanyamaza. Siku ya pili nikanyamaza tena, nikasifu uji.

Siku ya tatu, ile ambayo mgeni hupewa jembe, nilisema yote. Nilitazamia aone haya, au akasirike kwamba nimeyatia ila mabakuli yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kaka, siku zote hizi ulikuwa unamwangalia tu mtoto akinywa?”

Sikuwa na jibu, na sinalo hata leo. Nilidhani namhifadhi dada na aibu. Kumbe nilikuwa najihifadhi mwenyewe. Yeye aliinuka, akaumimina uji wa mtoto katika bakuli la bati, na yale ya maua akayapanga ndizi mbivu.

Basi mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni ajapo na ujuzi, akaumeza pamoja na uji, hakuna aponaye.