Jembe la Mgeni



Wazee walituachia methali isemayo: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi twaitumia kumsema mgeni. Twamwambia, kwa mzaha au kwa ukali, kwamba wali wa ugeni umekwisha, sasa ashike kazi. Lakini isikilizeni tena. Methali haikusema kwamba siku ya tatu mgeni atoke akatafute jembe. Ilisema, mpe. Basi anayeamriwa hapo ni mwenyeji.

Chukueni mfano wa kijana wa miaka 18. Mjomba wake amekuja kaskazini ya Pemba kwa biashara ya mwani, naye amemchukua wakae pamoja Shumba. Kule Korogwe alikotoka, kijana huyu alikuwa mwanagenzi wa fundi umeme kwa mwaka mzima. Amejifunza kuchimba ukuta wa kupitishia nyaya, kufunga taa na swichi, na kuzijua nyaya kwa rangi zake. Sanduku kuu la umeme na waya wa ardhi alikuwa bado hajafundishwa. Hapa Shumba hamjui mtu. Fundi wa kwanza anamwambia aje wiki ijayo. Wa pili anamwuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Kijana anataja jina la baba yake, na jina lile halimwambii fundi kitu chochote.

Je, fundi yule ana deni lolote kwa kijana huyu?

Pemba si kisiwa kilichokosa kuzoea wageni. Miaka mingi, karafuu zilipoiva, wachumaji walikuja kutoka Unguja na bara. Aliyefika asubuhi aliweza kuwa juu ya mkarafuu mchana, na jioni akalipwa kwa pishi alizochuma. Haikuwa lazima kuuliza sana habari za ukoo wake, maana pishi ilitosha kumpima. Kazi ya umeme haina pishi ya namna hiyo. Nayo imeongezeka. Mpaka mwaka 2010 Pemba ilitegemea mitambo ya dizeli. Mwaka huo ukaanza kufika umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa nchi ya Norway. Nyumba zikiingia umeme, mikono ya kutandaza nyaya hutakiwa hata vijijini.

Tumsikilize fundi kwa haki kabla ya kumhukumu. Ana sababu tatu za kusitasita.

Ya kwanza ni nyumba za watu. Fundi umeme haishii barazani. Huingia vyumba vya ndani, mahali ambapo hata jirani hafiki bila kukaribishwa. Kitu kikipotea, au mwenye nyumba akivunjiwa heshima, anayeulizwa ni fundi, wala si mwanafunzi wake.

Ya pili ni mauti. Umeme wa majumbani ni wa volti 230. Vile vifaa vya kukata umeme ili kuokoa mtu hutegwa vikate kwenye miliampea 30, yaani sehemu tatu tu katika mia za ampea moja. Kiasi kidogo namna hiyo chatosha kuhatarisha moyo. Mgeni akifa mikononi mwake, fundi atawaambia nini wazazi ambao hajapata kuwaona?

Ya tatu haisemwi kwa sauti. Fundi anaogopa kwamba leo anafundisha mwanafunzi, kesho atakuwa mshindani anayetoza bei ndogo kuliko yake.

Tuanze na hii ya tatu. Ufundi haukuota katika shamba la fundi mwenyewe. Yuko mtu aliyemvumilia alipokata waya mfupi na alipounguza kifaa cha watu. Labda alipohitimu alimpa mwalimu wake kilemba, kama ilivyokuwa desturi, lakini kilemba hakikulipa uvumilivu ule. Deni la namna hii halilipiki kwa kurudi nyuma. Mara nyingine mwalimu amekwisha kufariki. Hulipwa kwa kumfundisha anayekuja. Fundi atasema, "Basi nitamfundisha mpwa wangu." Ni vema amfundishe. Lakini mpwa akikataliwa hapa ana mlango wa mjomba mwingine, na wa rafiki wa baba yake. Mgeni ana mlango huu tu.

Tena tukumbuke, kumkataa kijana hakumtoi katika kazi. Ana bisibisi mkononi, ana ujuzi wa nusu, na ana njaa. Mwenye nyumba anayetaka bei rahisi atampata. Mtu aweza kujifunza kulima kwa kukosea, na hasara yake ikawa mahindi. Anayejifunza waya wa ardhi kwa kukosea anaacha kosa ukutani, limefunikwa kwa lipu, likimngojea mtoto aguse friji akiwa na miguu mitupu. Fundi aliyefunga mlango ana sehemu katika kosa hilo.

Lakini hofu zile mbili za kwanza ni za kweli, wala si haki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Hapa ndipo tunapoguswa sisi tusioshika bisibisi. Mgeni hukosa ujuzi mara chache. Anachokosa mara nyingi ni mtu wa kumsemea. Twaweza kwenda naye kwa fundi, tukasema: kijana huyu twamjua, anakaa nyumba fulani, likitokea neno mje kwetu. Dhamana ya namna hiyo haina gharama ya fedha, ila ni nzito, na kwa sababu hiyo twaikwepa. Katika Matendo ya Mitume twasoma jinsi Paulo alivyofika Korintho akakaa na kufanya kazi kwa Akila, kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Akila naye alikuwa mgeni pale, amefukuzwa Rumi. Aliyepata kugonga milango huijua sauti ya hodi.

Mgeni pia ana deni lake. Aende kwa sheha ajulikane. Amwombe fundi wake wa zamani barua inayosema alichojifunza na alichobakiza. Kubwa kuliko yote, aseme "sijui" pale asipojua. Katika kazi hii neno hilo huokoa roho. Akubali kuanza tena kwa kubeba ngazi, apige hodi na kungoja, wala asiwachukue wateja wa fundi kwa mlango wa nyuma. Na akipata nafasi, ajiandikishe katika kituo cha Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kule Vitongoji, Chake Chake. Safari kutoka Shumba ni ndefu, lakini cheti kitamsemea mahali ambapo jina la baba yake haliwezi.

Fundi wa Shumba huenda ni Mwislamu na kijana ni Mkristo, au kinyume chake. Umeme haumwulizi mtu dini yake kabla ya kumpiga, na taa ikiwaka humulika wote waliomo chumbani.

Ndugu, wako kati yetu mafundi, na wako wanaokaa jirani na mafundi. Safari ijayo kijana mgeni akiuliza ni wapi atapata mtu wa kumfundisha kazi, tusimwelekeze njia kwa kidole. Tuvae viatu, twende naye.