DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 18: Ukimpa, Atabweteka?



Kila tukikaa kugawa zaka, hakosi mtu wa kusema: "Huyu kila mwaka yumo. Mkizidi kumpa atabweteka." Hata kaya zinazopokea ruzuku ya TASAF husemwa hivyohivyo mitaani. Leo tulipime neno hili.

Niwape kisa, na kosa ni langu. Kuna mama mjane tulikuwa tukimpa. Mwaka mmoja tukasikia ameanza kukaanga maandazi. Mimi mwenyewe nikasema, "Alhamdulillah, ameshajiweza, mtoeni kwenye orodha." Haukupita muda mtoto akaugua, mtaji wote ukaishia kwenye dawa, jiko likazimika. Nilipokwenda kumjulia hali akaniambia: "Ustadhi, kumbe ningekaa tu, mngenipa."

Sikuwa na jibu. Zaka haikumbwetesha. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba anayehangaika hupoteza, na anayekaa hupata. Na wenzake kwenye orodha waliona.

Sasa tazameni mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Amepokea Abu Daud kwamba Answari mmoja alikuja kuomba. Mtume akamuuliza ana nini nyumbani. Akaleta nguo ya kujifunika na kutandika, na chombo cha kunywea maji. Vikanadiwa kwa dirhamu mbili: moja anunulie familia chakula, ya pili anunue shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamtuma akakate kuni, wasionane kwa siku 15. Alirudi na dirhamu 10.

Angalieni mpangilio: chakula kwanza, kisha shoka. Mwenye njaa humtumi kuni.

Na wanazuoni wetu wa Kishafii, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kwamba fundi hupewa zaka ya kununulia zana za kazi yake, na mfanyabiashara hupewa mtaji. Sisi tunagawa noti mbili tatu, halafu tunashangaa mwakani amerudi!

Sisemi wavivu hawapo. Wapo. Lakini mzee na mgonjwa msiwaulize kazi. Wapeni haki yao. Mwenye nguvu muulizeni: "Unajua kazi gani, na umepungukiwa nini?" Akianza kusimama, msimtoe siku hiyohiyo. Mwacheni akomae.

Yule mama mwaka huu tumemrudisha, na jiko linawaka.

Ewe Mola, tutosheleze kwa halali yako, na usitufanye sababu ya ndugu zetu kukata tamaa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzio.