Kasi, Mwangaza na Uadilifu: Suala la Thamani katika Uchoraji wa Haraka wa Tarakilishi

Miongoni mwa masuala yanayoisumbua falsafa ya sanaa, lipo hili: je, thamani ya kazi hutokana na muda uliotumika kuitenda? Suala hili limepata uzito mpya kwa kuenea uchoraji wa haraka wa tarakilishi, ambapo mchoraji hujiwekea mpaka wa dakika 30, au saa moja, na katika kipindi hicho akakamilisha mandhari nzima: mlima, mji, anga na mwangaza wake. Wapo wanaousifu ustadi huo. Wapo pia wanaoshuku kwamba kilichokuja upesi hivyo hakikustahiliwa.

Shaka hii si ngeni. Mwaka 1877 mhakiki wa Kiingereza John Ruskin aliishambulia kwa maandishi picha ya Mmarekani James McNeill Whistler iliyoonyesha fataki zikianguka gizani katika bustani ya Cremorne, London. Picha hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa gini 200, na kwa Ruskin kudai fedha hizo kwa rangi zilizoonekana kama zimerushwa tu kulikuwa ni ufidhuli. Whistler alimshtaki kwa kumvunjia jina, na kesi ikasikizwa Novemba 1878. Wakili wa Ruskin alitaka kujua picha ilichukua muda gani. Aliambiwa ni siku mbili. Alipohoji iwapo gini 200 ni malipo ya siku mbili, Whistler alijibu kwamba alidai malipo ya maarifa aliyoyachuma maishani mwake. Alishinda kesi, lakini fidia aliyopewa ilikuwa robo peni, na mwaka 1879 akafilisika. Mahakama ilimpa haki ikamnyima thamani.

Ili kulipima jibu hilo, yafaa kutazama mchoraji wa haraka hufanya nini hasa. Haanzi na majani wala madirisha. Huanza na picha ndogo sana, akaigawa katika maumbo makubwa machache ya weusi, weupe na kijivu. Hufumba macho nusu ili vitu vidogo vipotee na maumbo yabaki. Huamua mwanga unatoka wapi, kisha huutii uamuzi huo: upande ulioelekea jua la machweo hupata rangi ya moto, ulioligeuzia kisogo hupata ubaridi wa anga, na vya mbali hufifia. Tofauti kali ya giza na nuru huwekwa pahali pamoja, pale jicho linapotakiwa litue. Kwingineko mipaka hulainishwa. Hata kuigeuza picha kushoto kulia, kama ionekanavyo kiooni, si mchezo, kwani jicho lililozoea kosa halilitambui tena mpaka lishtuliwe.

Hatua hizi zote ni maamuzi, na mengi ni maamuzi ya kuacha. Ndiyo maana anayeanza kujifunza hawezi kuyafanya kwa dakika 30 hata akipewa zana zile zile. Whistler naye alikuwa akisafiri kwa mashua usiku katika mto Thames, akatazama, kisha akachora baadaye kwa kumbukumbu. Msomi wa fasihi simulizi hapaswi kushangazwa na jambo hili. Malenga anayejibizana papo kwa papo hapimwi kwa saa, na hakuna anayemwita mdanganyifu kwa kuwa beti zimetoka kabla kahawa haijapoa.

Hata hivyo, hoja ya maarifa ya maisha ina udhaifu ambao watetezi wake aghalabu huupita kimya. Inaweza kuhalalisha lolote. Msanii mzembe naye ana umri na uzoefu. Mchoraji Edward Burne-Jones, aliyetoa ushahidi upande wa Ruskin, alikiri uzuri wa rangi za Whistler lakini akasema picha haikukamilika, na pingamizi hilo halikufutwa na hukumu. Katika uchoraji wa haraka lina nguvu zaidi. Ukungu unaolainisha umbali ni ukweli wa hewa. Vile vile ni pazia la kufunikia mji ambao mchoraji hajui umejengwaje. Kile kivuli cha mtu mdogo aliyesimama mbele ya nuru kubwa kimerudiwa mno hata hakisemi tena lolote juu ya mtu wala nuru. Hapo kasi imegeuka mazoea, na lawama inastahili.

Kuna pia suala la vya kuazima. Mchoraji wa tarakilishi hutumia brashi zilizotengenezwa tayari kwa umbo la majani au mawe, na pengine hubandika vipande vya fotografia na kuvipaka rangi juu. Kuazima kwenyewe si kosa. Studio za filamu na michezo ya tarakilishi hukubali mbinu hiyo, ila mwenye fotografia awe ameridhia. Kosa ni kuficha: kuonyesha filamu iliyoharakishwa ya uchoraji huku michoro ya majaribio na picha zilizobandikwa zimeondolewa, ili mtazamaji aamini kwamba yote yalizaliwa mbele yake.

Mwaka 2022 mambo yalichukua sura nyingine, pale programu kama Midjourney na Stable Diffusion zilipofunguliwa kwa umma. Programu hizi hutoa mandhari yenye machweo na ukungu kwa muda wa sekunde. Aliyemsifu mchoraji kwa kasi yake hana budi sasa kuisifu mashine zaidi, na swali la wakili wa mwaka 1878 limepoteza makali. Jibu la Whistler, kinyume chake, limekuwa gumu kuliko alivyokusudia, kwa sababu programu hizo zilifunzwa kwa wingi mkubwa wa picha zilizokusanywa kutoka intaneti, zikiwamo kazi za wachoraji wengi wasioombwa ruhusa. Maarifa ya maisha yamo ndani ya picha inayotoka. Anayeiuza hawezi kusema ni ya maisha ya nani, wala kueleza kwa nini kivuli kimeangukia upande ule.