Deni Lililopitwa na Muda



Hapa kwetu Tanzania iko Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971. Aliyekukopesha fedha kwa mapatano anayo miaka 6 ya kukushitaki. Mwenye kudai ardhi anayo 12. Muda ukipita, kwa kawaida mahakama hutupa shauri lake. Hatuilaumu sheria hii. Mashahidi hufa, karatasi huliwa na mchwa, na si haki mtu kuitwa mahakamani kwa jambo asiloweza tena kulijibu.

Lakini twasikia ndugu wakisema, “Miaka sita imekwisha, sidaiwi.” Tusidanganyane. Sheria imemfungia mdai mlango wa mahakama. Haikusema kwamba fedha zake zimerudishwa. Mjane aliyeuza mbuzi ili akukopeshe ada ya mtoto, hata leo hana mbuzi.

Tena wako wanaodhani kwamba hati ya kukamatwa ikikaa sana jaladani huchacha kama uji. Sivyo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 yasema hati hiyo ina nguvu mpaka itekelezwe, au ifutwe na mahakama iliyoitoa. Ndugu zake Yusufu walikaa na kosa lao zaidi ya miaka 20, na siku waliposhikwa Misri kwa jambo jingine kabisa, walimkumbuka yeye (Mwa. 42).

Mtu atauliza: je, Torati haikuagiza maachilio kila mwaka wa saba? Naam, Kumbukumbu la Torati 15. Lakini hapo anayeachilia ni mkopeshaji. Mdaiwa hakupewa ruhusa ya kujihesabia miaka mafichoni.

Sheria yetu yasema pia kwamba mdaiwa akikiri deni kwa maandishi kabla muda haujaisha, au akilipa sehemu yake, miaka huanza kuhesabiwa upya. Ndiyo maana wengine hawajibu barua, wala hawapiti njia ya mdai. Sisi walimu wa zamani twaujua ujanja huu: mtoto asiyefanya kazi yake hungoja mwalimu asahau. Zakayo hakungoja. Alisimama mbele ya watu akataja mwenyewe kiasi atakachorudisha, mara nne.

Jumapili ijayo tutapiga magoti kwenye Meza ya Bwana, mdai na mdaiwa bega kwa bega. Ziko siku chache kabla ya hapo. Kama huna zote, peleka ulizo nazo. Kama mwenyewe amefariki, watoto wake wapo.